Siku Masanja Alipokuja Kuizika Nyuki Jazi

Harufu ya ngozi ya mbuzi inayopashwa moto ni nywele zilizoungua kidogo, ni moshi wa nyasi, ni nyama ambayo hakuna atakayeila. Juzi vijana wa jirani walikuwa wanapasha ngoma zao uani kwa ajili ya harusi, upepo ukaileta harufu hiyo mpaka barazani kwangu, nikaacha kuchambua mchele. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi mtaani kwetu Ng'ambo, mtoto wa miaka tisa, na nyumbani kulikuwa na msiba wa kitu kisicho na pumzi.

Baba yangu alikuwa na bendi. Iliitwa Nyuki Jazi, na msinicheke, maana Tabora asali ni heshima na nyuki ni heshima zaidi. Baba alipiga gitaa la besi na kuimba. Nasema kuimba kwa adabu ya mtoto kwa mzazi wake. Kusema kweli alifoka kwa mapigo. Besi yake ilirudia kitu kilekile tangu mwanzo wa wimbo, watu wakasubiri ibadilike, wakachoka kusubiri, na walipokwisha kuchoka ndipo walipoanza kucheza.

Mtindo huo hakuutoa Dar es Salaam. Mwalimu mmoja Mwingereza, aliyewahi kufundisha sekondari mjini, alimwachia baba kanda za bendi moja ya kwao, na kila bendi hiyo ilipotoa kanda mpya alimtumia kwa posta. Jamani, zile kelele! Magitaa yalikwaruza, na mwimbaji alilalamika mwanzo mpaka mwisho kama mpangaji aliyekatiwa maji. Mama alisema Mungu amsamehe aliyempa yule mtu kipaza sauti. Baba yeye alifumba macho, akaniambia, "Tatu, sikiliza besi. Inatembea na mzigo kichwani." Alisikia humo ngoma za Kigwa alikozaliwa, zinazopigwa vilevile mpaka mwili ukubali.

Nilichopenda mimi ni picha za kwenye makasha. Kila kanda ilikuja na sura mpya. Mpiga ngoma mwenye ndevu alitoweka, akaja mwingine mwenye miwani. Akaingia mwanamke mpiga besi, naye kanda iliyofuata hakuwepo. Mwalimu aliandika kwamba wengine wamefukuzwa, wengine wamegombana njiani na kushuka kwenye gari. Aliyebaki siku zote ni yule mlalamikaji, anazidi kukonda na kununa.

"Baba," nikamuuliza, "sasa hii ni bendi ileile kweli?"

Hakucheka. Babu yake baba alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, na nyumbani kwetu jambo hilo lilitajwa kama wengine wanavyotaja vyeo. "Msafara haufi kwa mpagazi kutoroka," akasema. "Akitoroka huyu anachukuliwa mwingine njiani. Msafara unakufa siku kirangozi, yule wa mbele, anapotua ngoma."

Nikayashika maneno hayo. Kisha nikaona kwa macho yangu wapagazi wake wakitoroka.

Mpiga ngoma alikwenda Usoke kulima tumbaku. Wa tarumbeta akaoa, mkwewe akamkataza. Mpiga gitaa, ambaye baba alimfundisha tangu hajui kushika uzi, alipanda treni ya Dar kwenda kupiga muziki unaouzwa. Mwenye ukumbi akamwambia baba arudi akipata bendi. Majirani wakasema sikio la kufa halisikii dawa: alionywa abadilishe mtindo, akakaidi. Mama ndiye aliyelalamika kuliko wote. Alilichukua koti la baba la jukwaani, jekundu, lenye vifungo vya shaba, akalifungia kwenye sanduku lake. "Likaliwe na nondo hukohuko," akasema, akaufunga ufunguo kwenye ncha ya kanga yake kama ilivyokuwa desturi yake.

Baba hakujibu. Na baba kutojibu ndiko kulikonitisha. Aliacha kusikiliza kanda, akaacha hata kufoka. Akatangaza kwamba Jumamosi kwaya moja ya Urambo itakuja kuchukua vyombo vyote, gitaa, spika na ngoma. Niliona aibu nisiyoweza kuieleza. Kirangozi alikuwa anatua ngoma, na alikuwa baba yangu.

Jumamosi asubuhi tukasikia kilio kikija barabarani. Ninyi mnaojua utani mtanielewa. Sisi ni Wanyamwezi. Msukuma ni mtani wetu. Penye msiba wetu anaweza kuvaa nguo za marehemu, akamwiga mwendo na sauti, akamtukana mbele ya wafiwa, na ole wako ukasirike. Aliyekuja alikuwa Masanja, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Igunga aliyehamia mtaani kwetu, mtu mnene mwenye sauti ya mnada. Nyuma yake wanawake wa mtaa walijifunga kanga viunoni, wanalia huku wanacheka. Na Masanja alikuwa amevaa koti jekundu la baba. Vifungo havikufunga, tumbo limetangulia.

"Mwangaluka, wafiwa!" akanguruma, salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Tumesikia Nyuki Jazi imefariki. Mbona hamjachimba kaburi? Au mnangoja inuke?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akainamisha kichwa.

"Marehemu namfahamu," Masanja akawaambia waombolezaji. "Alikuwa na wimbo mmoja tu, akaupa majina tofauti kama mdaiwa anayehama mitaa!" Wakaangua kicheko. Akatembea kama baba, bega moja juu. Akafoka kama baba. Mimi nikalia machozi ya kweli, nikamchukia hadi vidole vya miguu. Kisha akamwinamia baba usoni na kusema taratibu, "Mjukuu wa mpagazi. Babu yako alifika pwani. Wewe umetua ngoma hapa hapa Ng'ambo, hata kwenu Kigwa, mwanzo tu wa njia ya pwani, hujafika."

Nilidhani baba atampiga.

Masanja hakungoja. Alilichukua gitaa la besi lililoegemezwa ukutani tayari kwa safari ya Urambo, akachomeka waya kwenye spika, akaanza kuukwaruza wimbo mkubwa wa baba. Aliupiga vibaya, Mungu wangu! Vidole vya kushika pembe za ng'ombe vikaruka mapigo, vikaharakisha, vikajikwaa. Niliona taya la baba likicheza. Mguu wake ukagonga chini, ukitafuta pigo lililopotea.

"Hapo umekosea," baba akasema.

"Maiti anaongea!"

"Umekosea, nimesema. Lete."

Akasimama. Akampokonya gitaa, akapiga, na besi ikatoka imebeba mzigo wake wote, polepole, hairuki hatua. Mama akapita kati yetu bila kumtazama mtu, akaichukua ngoma, akaenda nayo jikoni. Ndipo ilipokuja ile harufu. Alikuwa anaipasha ngozi moto. Akarudi, akaketi, akaiweka ngoma mapajani na kuingia palepale panapotakiwa. Wanasema alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake. Miaka yote ile aliyolalamika alikuwa anasikiliza. Baba alimtazama kama mtu aliyeletewa mgeni ambaye hakumtarajia, kisha akanigeukia mimi.

"Tatu, maneno unayajua. Foka."

Nikafoka. Niliwafokea mpiga gitaa na treni yake, mkwe wa mpiga tarumbeta, na mwenye ukumbi. Masanja alicheza mpaka koti likapasuka mgongoni.

Watu wa kwaya walipofika walikuta uani watu wamejaa. Baba aliwakaribisha kwa heshima zote, akawaomba radhi: vyombo vina kazi. Mama akawapa chakula, wakala, wakaondoka na kikapu cha karanga.

Tangu siku ile Nyuki Jazi haijalala. Baba alipiga mpaka vidole vilipokataa, akanikabidhi gitaa. Wale Waingereza nao nimewaona kwenye simu: mlalamikaji amezeeka, anaimba ameketi, amezungukwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoanza. Watu wanamwandikia aache. Hajaacha. Nikamwambia baba, alikuwa bado hai, akasema, "Mwanaume huyo."

Mwaka huu zamu ikanifika. Mpiga ngoma wangu na mpiga gitaa wameondoka pamoja, wamekwenda Dar. Nilikaa kwenye kigoda kilekile. Mama, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinitazama asubuhi nzima. Kisha akaja, akasimama mbele yangu, akaifungua ncha ya kanga yake taratibu, akautoa ule ufunguo wa sanduku.

Nikauangalia. Mwanamke mzima mimi, na sijawahi hata siku moja kujiuliza Masanja alilipata wapi lile koti.

"Nimwite Masanja," mama akauliza, "au utasimama mwenyewe?"

Nikasimama. Jumamosi tunapiga.