Dakika Nne za Wimbo wa Saba

Kwa miaka ishirini na mitatu alifua mashuka ya hospitali. Wenzake walimwita Mvuke, maana kila alipotoka kwenye chumba cha mashine miwani yake ilikuwa imefunikwa ukungu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Waliomwona kwa mbali walidhani ni maringo.

Kitu kimoja tu kiliweza kumfungua mdomo, nacho ni bendi ya zamani ya watu wanne, iliyopiga nyimbo zake kwa magitaa, ngoma, mifuniko ya masufuria na milio ya milango. Yeye na dada yake waliigombania kaseti ya bendi hiyo usichanani hadi utepe ukakatika. Kisha bendi ikanyamaza miaka kumi na mmoja. Ijumaa moja ikatoa albamu mpya.

Mapumziko ya mchana alimpigia dada yake.

"Wametoa albamu."

"Akina nani?"

Akamtajia.

"Kumbe bado wapo? Mdogo wangu, makelele yale mimi niliyaacha zamani. Presha yako inaendeleaje?"

"Haijambo," Mvuke alisema. Wakaagana.

Aliisikiliza peke yake, ameketi juu ya furushi la mashuka safi. Mwenzake wa zamu alipita, akatega sikio. "Hiyo simu yako imeingia maji," akasema, akaenda zake akicheka.

Mtandaoni watu walikuwa wakivutana. Mmoja aliandika kwamba wazee hao wangekaa nyumbani walee wajukuu. Mwingine aliapa kwamba tangu azaliwe hajasikia kitu kitamu namna ile. Wengi walilalamikia wimbo wa saba: dakika nne za gitaa tupu, haimbi mtu, tena katikati gitaa lenyewe linakatika. "Fundi mitambo alipitiwa na usingizi," mtu alitania.

Mvuke aliwaza siku mbili. Hatimaye akaandika, kwa kidole kimoja: "Mpiga ngoma wao alifariki. Pale gitaa linapokatika, linamsubiri aingie. Haingii. Linaendelea bila yeye."

Hakuna aliyemjibu.

Wiki iliyofuata aliona tangazo. Wapenzi wa bendi hapo mjini wangekutana Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa maktaba, waisikilize albamu pamoja. Alilipiga pasi gauni lake la kijani mara mbili.

Walifika kama ishirini, wengi wao vijana ambao angeweza kuwazaa. Akakaa karibu na mlango. Wimbo wa saba ulipoanza, wawili watatu wakaanza kucheka. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Subirini. Kuna mtu aliandika hivi."

Akasoma kwenye simu, neno kwa neno. Ukumbi ukatulia. Gitaa likakatika, kimya kikakaa, kisha likaendelea. Mwanamume mmoja alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nani kaandika?" akauliza.

"Sijui. Hata picha hana."

Mvuke alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. Msichana akamgeukia kwa adabu.

"Mama, muziki huu unakuingia kweli?"

"Kidogo," alijibu.

Alisaidia kupanga viti, akaaga, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu mwenzake alimwuliza mwisho wa wiki ulikuwaje.

"Nilitoka kidogo," Mvuke alisema, akaanza kupakia mashuka kwenye mashine.