Kuomba Shubiri Ziwani

Niliondoka nyumbani Buruburu kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Shubiri ya Dani, yaani nyanya yangu, ilikufa mikononi mwangu. Si ile ya madukani. Hii ni ya kienyeji, ya maua mekundu, ambayo huko porini imeng'olewa na wauzaji hadi imekuwa adimu. Dani alipoenda ushago, kule kijijini kwao, mwezi mzima, majirani walibisha mmoja mmoja wakitaka jani: wa kidonda, wa tumbo, na Mama Brayo wa kuku wanaougua. Nami kwa aibu zangu nilimjibu kila mmoja, "Sawa." Ikabaki shina tupu, likaoza.

Saa mbili asubuhi, Jogoo Road. Nilienda kwa miguu, maana kwenye matatu lazima useme "shukisha" mbele ya watu. Mfukoni nilibeba barua ya kuomba mche, ili nisiongee.

Saa nne, mtaa wa Ziwani. Mama Atis, rafiki wa Dani tangu ujana wao, alikuwa akifua nje. Shubiri yake ilikuwa imechanua kando ya mlango, ndege chozi akifyonza maua. Nikampa barua. Akaisoma, akaikunja, akaitia chini ya stuli yake iliyokuwa ikiyumba.

"Dawa haiombwi kwa karatasi, mjukuu wangu. Iombe yenyewe. Kwa sauti."

Wanawake waliokuwa kwenye mfereji wakafunga maji wasikie. Nikaunong'onezea mmea. Mmoja akasema labda una masikio mabovu. Nikaomba tena, hata mbwa akaamka. Ndipo Mama Atis akachimba chipukizi moja, shina kuu akaliacha. Nilipofungua mdomo kushukuru, akaniwahi: dawa ya kupewa ikishukuriwa haishiki mizizi. Yaani sauti nimeipata leo, halafu naambiwa ninyamaze.

Saa nane, nyumbani. Sijamaliza hata kushindilia udongo, Mama Brayo akatokea na kisu.

"Kajani kamoja tu, mrembo. Kuku wanakufa."

Chipukizi lilikuwa na majani manne. Dani, aliyekwisha kurudi, alikuwa akitazama dirishani.

"Hapana, Mama Brayo. Mpaka ichanue."

Alinitazama kama aliyesikia stuli ikiongea. "Kumbe wewe huongea?" Akaenda zake akicheka.

Jioni alirudi na kopo la mbolea ya kuku, akaliweka kando ya mche. Nikataka kumshukuru, nikakumbuka. Angalau safari hii kunyamaza kwangu kulikuwa na sababu.