Picha Niliyoisafisha

Sinywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo swali lako la kwanza. Siku jambo hili liliponipata sikuwa na malaria, sikuwa nimeshinda njaa, wala sikuwa kati ya usingizi na macho. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba yangu hapa Baraka, kumekucha, simu mkononi, na nilichokiona nilikiona kwa macho haya haya ambayo mji huu uliyaamini kwa miaka mingi. Ukitaka kucheka, cheka sasa, ukimaliza unisikilize.

Mimi ni mpiga picha. Nilikuwa na studio karibu na soko: chumba kimoja, kiti kimoja, pazia jeupe ukutani. Nimepiga kadi za wanafunzi, maharusi, wabatizwa, wafanyabiashara wanaotaka kuonekana wanene. Watoto wachanga ndio usiseme. Mama akishapata nguvu ya kutoka nje, anakuja na mtoto wake amefungwa kwa kitambaa kipya, nami namlaza mtoto kwenye mto na kumpiga kabla hajalia. Sheria yangu ilikuwa moja tu, kwamba picha safi ni ile yenye nyuma safi. Jirani akichungulia pembeni, namtoa. Zamani nilimtoa kwa mkasi, siku hizi ninamtoa kwa kidole. Nilisifiwa kwa hilo, na nilijivuna, kwa nini nikufiche?

Halafu simu zikafika katika kila mfuko, na kila mtu akawa mpiga picha. Nikafunga studio. Muda si mrefu mke wangu Feza akafariki. Watoto hatukuwa nao. Feza alibeba mimba mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, na mtoto yule alizaliwa amekwisha kufa. Wanawake walifunga mlango, mimi nikakaa nje na wanaume, na mlango ulipofunguliwa kila kitu kilikuwa kimeshamalizika. Sikuuliza walimpeleka wapi. Kwetu mwanaume haulizi hilo, na kusema kweli niliogopa kuuliza.

Upweke, nisikudanganye, unatia hasira. Nilikuwa napika bugali ya watu wawili na kuwatupia kuku ile ya pili. Nilikuwa nawasha redio asubuhi, si kwa habari, bali kwa sauti ya mtu. Siku nyingine jua lilizama nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sijafungua kinywa. Ndipo nikaanza kupiga picha bustani ya marehemu.

Feza alikuwa ameacha maboga, bamia, alizeti chache na tuta kubwa la matembele. Wewe unaona mboga, sivyo? Piga magoti alfajiri, jua likiwa bado halijapanda vizuri, usogeze simu mpaka ua la bamia lijaze kioo, uone vile umande umekaa juu yake. Nikishapiga naingia ndani na kuanza kutengeneza. Naongeza mwanga kidogo, napunguza kivuli, nakata pembeni, nafuta jani lililoliwa na mdudu. Halafu naweka kwenye status. Watu waliangalia, hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa naangalia tena na tena kama kuna aliyeandika.

Adui yangu ilikuwa migomba. Kule mwisho wa bustani, kwenye kona ya ukuta, kulikuwa na migomba ya zamani imesongamana, majani makavu yakining'inia kila upande. Ndizi zake zilikuwa ndogo tena chache. Kila picha niliyopiga, migomba ile ilikuwa nyuma yake na weusi wake. Feza hakukubali niiguse hata siku moja. Tuliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa, miaka ile ya kukimbia vita, tulikuta nyumba haina bati wala mlango, na yeye alipita moja kwa moja mpaka nyuma kuangalia migomba. Nilimkasirikia sana. Sasa Feza hayupo, nikaamua kwamba Jumamosi nitaikata yote na kung'oa mizizi, nipate nyuma safi.

Jumatano ya wiki ile ndipo alipokuja.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ua la boga. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Baba, jambo." Nikageuka. Alikuwa msichana, mkubwa tayari, wa umri wa kuwa na nyumba yake, amejifunga kitenge ambacho rangi yake siwezi kukwambia mpaka leo. Miguu mitupu. Uso wake haukunitisha, niamini. Ulinipa ile hali ya kumwona mtu ambaye jina lake liko karibu na ulimi. Nilidhani amepita kwenye mlango wa mbele, maana mimi siufungi.

"Jambo, mama," nikamjibu. "We ni mutoto wa nani?"

"Ya hapa tu," akasema, akainama kuangalia simu yangu. "Hii maua ni mizuri. Unaonaka mbali, baba."

Unajua kwa muda gani hakuna mtu aliyekuwa ameniambia picha yangu ni nzuri? Nilisahau kumwuliza zaidi. Nikamwonyesha ua, nikamwonyesha nyuki, nikamwonyesha yule ndege mdogo wa kunyonya maua niliyemvizia siku tatu. Alizitazama zote polepole, hakuwa na haraka ya watu wa siku hizi. Nikamwambia habari ya migomba na Jumamosi. Nilipoinama kufuta kioo kwa shati, alikuwa ameshaondoka.

Siku hiyo nilikula vizuri. Nilifagia nyumba. Mzee mzima nilinyoa ndevu, eti kuna mgeni anaweza kurudi.

Alhamisi alirudi. Safari hii alikuwa tayari amesimama kule kwenye migomba, mkono mmoja ameuweka kwenye mgomba mkubwa. Mwanga ulikuwa unaingia pembeni, ule mwanga ambao mpiga picha anaungoja wiki nzima.

"Nikupige?" nikamwuliza.

Akacheka kidogo. "Piga, baba. Hakuna mwenye ananipigaka."

Nikapiga. Moja tu, maana sikuwa na nafasi zaidi kwenye simu, ilikuwa karibu kujaa. Na alionekana kwenye kioo, nataka ulijue hilo. Alionekana kichwa, mabega, mkono kwenye mgomba, mweupe kidogo kama mtu aliyesimama kwenye moshi wa jikoni. Akasema, "Nionyeshe." Nami, kwa kiburi changu cha studio, sikutaka mteja aione picha mbichi. Nikamwambia, "Ngoja niitengeneze kwanza. Kesho utaiona iko mizuri."

Jioni nikakaa mezani na picha ile. Niliongeza mwanga. Weusi wa migomba ukazidi kunikera. Nikajiambia, hebu niione bustani itakavyokuwa baada ya Jumamosi. Nikachukua kile kifutio cha ndani ya simu na kuzungushia migomba kwa kidole, kwa uangalifu, nikimwacha msichana nje ya mstari. Nikabonyeza. Migomba ikatoweka, na msichana akatoweka nayo. Nikarudisha, nikazungushia tena, nikiwa mwangalifu zaidi. Ikawa vilevile. Simu ilimhesabu yeye na migomba kuwa kitu kimoja.

Sasa sikiliza nilichofanya. Niliitazama ile picha isiyo na mtu, ukuta safi, matembele yanang'aa, alizeti zimesimama peke yake, na nikaona imependeza. Nikasema msichana nitampiga tena siku nyingine. Simu ikaniuliza kama nihifadhi nakala au nihifadhi juu ya ile ile. Kwa sababu ya nafasi, nikahifadhi juu ya ile ile. Kisha nikatoa panga, nikalinoa, nikaliegemeza ukutani nyuma ya nyumba.

Ijumaa alikuja mapema kuliko siku zote. Nilimpa simu mkononi. Niliona vidole vyake vikiishika, ingawa sikusikia uzito wake ukitoka mkononi mwangu, na hilo nililifikiria baadaye tu. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuta. Jicho lake lilikwenda kona ile, likarudi, likaenda tena.

"Na mi iko wapi?" akauliza.

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Picha ni ya bustani, mama. Ile migomba ilikuwa inachafua. Kesho ninaikata, njo nitakupiga vizuri."

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo.

"Sasa mi nitalalaka wapi?" akasema.

Akanirudishia simu, akageuka, akaelekea kwenye migomba, akapita nyuma yake. Nilimngoja atokee upande wa pili. Hakutokea. Nikamfuata. Nyuma ya migomba ile kuna ukuta wa matofali, mrefu kuliko mimi, na hapana mlango. Nikatazama chini. Mimi umande naujua, ndio kazi yangu. Matembele yote kutoka nilipokuwa nimesimama mpaka kwenye migomba yalikuwa yamevunjwa umande kwa mstari mmoja, wa viatu vyangu. Mahali pengine pote matone yalikuwa yamekaa vilevile, hata moja halijaanguka.

Nikakumbuka Feza alivyoilinda migomba ile. Nililiacha panga pale pale. Nikachukua pikipiki mpaka Lweba, kwa Mama Riziki, dada mkubwa wa Feza, ambaye alikuwa ndani ya chumba siku ile ya kuzaa. Nilimkuta anaanika dagaa. Nikamweleza yote, nikingoja anicheke. Alinawa mikono, akakaa chini, akaifunga vizuri nguo yake ya kichwa.

"Shemeki, ile ilikuwa mambo ya bamama," akasema. "Banaume habaambiwake. Mutoto mwenye hakulia, tunamuzikaka sisi, pembeni ya nyumba, ili asiende mbali na mama yake. Halafu tunapanda mugomba. Ni Feza aliupanda na mikono yake."

"Alikuwa mtoto gani?"

"Mwanamuke."

"Mulimupatia jina?"

"Hapana. Mwenye hakulia hapewake jina." Kisha akaniuliza kitu ambacho ndicho kilichonivunja. "Alifanana na nani, shemeki? Mi nilimuonaka kidogo tu, mulikuwa giza mule."

Siku tatu nilikuwa nimemtazama kwa jicho la mtu anayetafuta mwanga. Nilijua mwanga ulikuwa umemwangukia upande gani. Pua yake, macho yake, kama alikuwa na kidevu cha Feza au cha kwangu, sikuwa nimeshika hata kimoja.

Nikakumbuka picha. Nilirudi Baraka mbio, nikaenda kwa kijana anayetengeneza simu pale sokoni. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, akatafuta mpaka watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kulalamika. Mwisho akatikisa kichwa. "Papa, ulihifadhi juu yake. Ile ya kwanza haiko tena." Nikamwomba atafute tena, akatafuta tena kwa heshima tu, akanirudishia simu yangu.

Migomba sikuikata. Ninaipalilia, ninatoa majani makavu, ninaacha vichipukizi viwili vitatu vikue, kama alivyokuwa akifanya Feza. Kila alfajiri ninakaa pale kwenye kigoda. Ninasema jambo. Nimesema mambo mengi pale ambayo sikuwahi kumwambia hata mama yake. Ninapiga picha moja na ninaiacha kama ilivyotoka, na kivuli chake, na jani lililoliwa, na weusi wote. Hakuna mtu anayeonekana ndani yake. Wala hakuja tena. Pengine alikuja kwa sababu ya panga tu, na panga lilipoondoka akapumzika. Hilo ndilo Mama Riziki ananiambia. Mimi ninaona kwamba aliomba kitu kimoja kwa baba yake, aione picha yake, akaona jibu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una mke, na kama mlango ulifungwa siku moja nyumbani kwako na ukakaa nje na wanaume, usikubali desturi ikufanye mwoga kama mimi. Muulize mahali walipomlaza. Muulize leo, angali anaweza kukushika mkono na kukupeleka. Na kabla hujafuta kitu kwa sababu kinachafua picha yako, jua kwanza ni cha nani. Watoto wa mji huu wamepita kwenye kiti changu, wengine wamekuja na watoto wao, na hakuna aliyetoka bila picha. Aliyetoka bila picha ni mmoja, wa kwangu, na nilimfuta mimi mwenyewe kwa kidole hiki.