Matundu Matatu ya Amplifaya ya Papa Bahati

Kwangu mimi, kambi ya Kakuma ya mwaka 2012 inanuka vumbi linaloungua juu ya kioo cha moto. Harufu hiyo ilitoka kwenye amplifaya ya Papa Bahati, fundi Mkongomani aliyekuwa na kibanda cha mabati karibu na duka la mama. Ilikuwa mashine ya zamani ya valvu, zile taa za kioo ambazo lazima uzisubiri zipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Transfoma yake ya kutolea sauti iliwahi kuungua, naye akaisuka upya kwa mkono, kwa waya mwembamba aliotoa kwenye mota mbovu, akihesabu mizunguko majuma kadhaa katika joto lile la kuchosha hata nzi. Hakuwa mtu wa majivuno, lakini kwa transfoma ile alijivuna, na nani angemlaumu? Harusi na ibada za kambini zilimwita yeye.

Baba alikuwa karani mjini Lodwar, na sisi tulimwona mwisho wa mwezi tu. Kanisa lake lilipokaribia kufungua jengo jipya, aliomba kuazima ile amplifaya. Papa Bahati alikubali, ila hakuweza kufuatana nayo: mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na chake kilikuwa kimekataliwa. Baba naye, Mungu anisamehe, hakuwa mtu wa kufundishwa na mwenziwe. Alisema umeme ni umeme, akaenda kutafuta lori. Basi nikafundishwa mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, kwa kuwa nilipenda hesabu na nilishinda pale kibandani kila siku baada ya shule.

Nyuma ya amplifaya palikuwa na matundu matatu yaliyoandikwa nne, nane na kumi na sita. Hizo ni omu, alinieleza, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme, na tundu lazima lilingane na spika. Spika yake moja ilikuwa ya omu nane, nayo ilikwenda kwenye tundu la nane. “Kama watakuletea ingine ya nane, uziunge sambamba, kila moja na waya zake, uweke kwa nne,” aliniambia. “Moja ikikufa, ingine inabaki inasema. Na usiache hii mashine inafanya kazi bila spika, mama, hata kidogo. Umeme itakosa njia, itarudi kula transfoma.” Alinitaka niyarudie maneno hayo mara tatu, nami nikayasema bila kukosea.

Nilipofika Lodwar na baba, watu wa kanisa walikuwa na spika ya pili ya omu nane, wakaitaka nje, mbali, kwa watu watakaokosa nafasi ndani. Waya haukutosha kuunga sambamba. Ungetosha kama ningekwenda kuomba mwingine kwa fundi wa upande wa pili wa soko, lakini jua lilikuwa kali, mchanga unaunguza hadi ndani ya malapa, nami nilikuwa nimechoka. Nikaziunga mfululizo, umeme upite spika moja kisha nyingine. Nane na nane ni kumi na sita, nikachomeka kwenye tundu la kumi na sita. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na nilijiona nina akili kuliko fundi mwenyewe.

Ibada ikaenda vizuri hadi kwaya ya tatu. Jirani mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga mwenye homa alichoka na kelele ya spika ya nje, akachomoa waya mmoja, akarudi kwake. Simlaumu, hata mimi ningechomoa. Mara spika zote mbili zikanyamaza, maana zilitegemea njia moja. Baba akadhani sauti imepungua. Akaifungulia yote, akishika maikrofoni na kusema alo, alo, mpaka moshi ulipotoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu nililovunja mimi lilikuwa la mwenzangu.

Tuliirudisha Kakuma. Papa Bahati alifungua mfuniko, akaangalia transfoma iliyogeuka nyeusi, kisha akaniuliza mimi, si baba, “Uliunga namna gani?” Nikamtazama baba. Baba akatazama barabarani. Nikasema niliunga sambamba, kwenye nne, kama nilivyoambiwa. “Basi kama ulifanya vile nilisema, makosa iko yangu. Nilisuka vibaya,” alisema, akafunga mfuniko polepole. Hakuisuka tena. Watu walipomletea transfoma, aliwaelekeza kwa mafundi wengine, akabaki kuuza betri na tochi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua zaidi ya miaka kumi. Siku hizi nafunga vyombo vya sauti Lodwar, vya kisasa, vyepesi. Ukikosea kuunga, mashine yenyewe inajizima na kuwasha taa nyekundu, na hakuna anayeumia. Vijana ninaofanya nao kazi hawajui omu ni nini, wala sioni haja ya kuwachosha. Lakini kila nikiiona taa ile inawaka, moyo unanisuta. Mwaka jana nikapanda boda boda hadi makazi ya Kalobeyei, alikohamia Papa Bahati, nikamkuta akiuza sabuni na chumvi. Nilimweleza yote: waya mfupi, jua, mfululizo, na uongo wangu.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza tu, “Kumbe transfoma yangu ilikuwa muzuri?” Nikamwambia ilikuwa nzuri, haikuwa na kosa lolote. Akaniomba nimsomee bei iliyoandikwa kwenye boksi la sabuni, kwani macho yake hayakuweza tena kuiona. Kisha akasema, “Ungeniambia wakati macho ilikuwa ingali inaona waya.”