Mchumba Aliyetoka Uhamiaji

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu nikilinyamazia Mama Editha atalisimulia yeye, na yeye akisimulia anatia chumvi mpaka inakuwa kama nilimrukia mtu shingoni. Sikumrukia mtu. Nilimpikia tu, nikamchekea, nikamwambia niko tayari kwenda naye popote, kumbe mtu mwenyewe ni afisa wa uhamiaji amekuja kuangalia kama nafaa kuwa Mtanzania. Aibu ile ikinijia nikiwa shambani nasimama na jembe, natazama chini kama nimeangusha kitu.

Mimi nilizaliwa ng'ambo, Burundi, nikaolewa hapa Heru Juu nikiwa binti, na miaka yote hiyo nimeishi kwa kibali cha ukaazi nilichokipata kupitia kwa mume. Mume akapenda kwingine, mahakama ikatoa talaka, yeye akahamia Kibondo na mke mpya, mimi nikabaki na watoto wawili, Neema na Yohana, na shamba la maharage. Ndipo mama mmoja wa ofisi ya uhamiaji huko Kasulu mjini akaniambia kibali cha ndoa bila ndoa hakina maisha marefu, omba uraia kwa jina lako. Nikaomba. Wakasema nisubiri, kuna mtu atakuja nyumbani kunihoji, na nikikataliwa nijiandae kurudi nilikotoka. Watoto ni Watanzania kwa baba yao, kwa hiyo wao wangebaki. Hilo nililala nalo na kuamka nalo.

Sasa katikati ya kusubiri huko, Mama Editha, jirani yangu (ana huruma, ila huruma yake ina haraka), akaniletea habari za mwalimu mmoja wa Nyakitonto aliyefiwa na mkewe.

"Mtu mtulivu, hanywi," akasema. "Wiki hii atapita akuone. Usianze kumtajia watoto na matatizo, mwanaume hataki mwanamke mwenye mizigo."

Nikaitikia, na kusema kweli nikaanza kuota. Akili yangu mimi ina tabia ya kutoka ikaenda kutembea, ikaniacha nimeshika mwiko.

Basi asubuhi moja ukungu umelala, kila kitu cheupe, migomba, njia, paa la kanisa, mimi naanika muhogo, namwona mtu anatokea ndani ya ule weupe polepole, kwanza kofia, halafu mabega, halafu viatu vilivyong'arishwa vizuri. Mlio wa bodaboda sikuusikia, nadhani aliteremkia barabarani akapanda kwa miguu. Akasimama uani, akaniamkia "bwakeye" kwa sauti ya chini, nami nikainama nikampigia makofi ya salamu kama tunavyofanya huku, na moyoni nimeshasema huyu ndiye.

"Nadhani uliambiwa kwamba nitakuja," akasema.

"Niliambiwa, baba. Karibu sana."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningemuuliza tu yeye ni nani, yangeisha. Lakini kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajatia kitu mdomoni, unaonekana unamfukuza, na mimi nikaamua siku hiyo nitakuwa na adabu mpaka mwisho. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mto, nikamkamata jogoo nikamchinja. Akasema mama usijisumbue, nina maswali machache tu. Nikamwambia uliza, baba, mikono ndiyo inafanya kazi, masikio yamekaa.

Akatoa kalamu na karatasi. Walimu bwana, nikawaza, hata kuposa wanaandika. Kwa haraka sikungoja maji yachemke, nikawa namnyonyoa jogoo mkavu hivyo hivyo, manyoya yanapaa kwenye ukungu na kutua taratibu, naye anauliza kwa upole siku yangu inaendaje, nalima nini, nasali wapi. Kila swali nililiona tamu. Yule mume wa kwanza maisha yote aliniuliza tu kama nimeivisha. Tayari nilishafika Nyakitonto mimi, niko kwenye nyumba ya walimu yenye sakafu ya saruji, mtu anasahihisha madaftari, nimekaa karibu yake nachambua maharage, hakuna anayepaza sauti.

"Na ndoa yako?"

"Imekwisha, baba. Hata harufu yake haipo humu."

"Watoto?"

Nikakumbuka habari ya mizigo. "Neema na Yohana. Lakini wana baba yao, hawatatusumbua."

Akaniangalia kidogo, akaandika. "Na hapa Heru Juu kuna nini kinachokushika?"

"Hakuna," nikasema, na nikatabasamu. "Mimi ni mwepesi. Ukisema leo tuondoke, nafunga kanga zangu nakufuata hata ng'ambo."

Kalamu ikasimama. Na nyuma ya uzio wa matete kikapanda kigelegele, Mama Editha huyo, alikuwa amejibanza pale muda wote, na kigelegele kikawaita waliokuwa wanapita kwenda sokoni, wakaja kujaa uani kuona ni heri gani. Nyuma yao akatokea mwenyekiti wa kijiji, anahema.

"Afande, nisamehe, nilikwama msibani," akasema. "Naona uhamiaji mmeshaanza kazi. Mama Eliya wetu amejibu vizuri?"

"Mwenyekiti," akasema yule mgeni, "mimi sijui kama nahoji au naposwa. Na huyo jogoo sijui niandike ni hongo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kigelegele kilikatikia katikati. Mimi nimesimama na jogoo upande mmoja ana manyoya, upande mmoja hana, natamani ule ukungu uzidi unifunike.

Lakini afisa hakucheka sana. Alikuwa anasoma karatasi yake. "Umenitajia Neema na Yohana," akasema. "Eliya ni nani?"

Kicheko kikaisha chenyewe.

"Ni wa kwanza," nikasema. "Yuko pale nyuma ya kanisa, nimemzika mimi. Kila Jumapili nang'oa majani juu yake. Nilidhani wewe ni mchumba, baba, nikadanganya ili nikupendeze. Mizigo ninayo. Yohana bado analala ameshika kanga yangu. Shamba lile nimelifyeka mwenyewe. Ukinirudisha ng'ambo nitakwenda kukaa kwa nani? Watu wangu wote wako hapa, mpaka aliyekufa."

Akakikata kwa mstari alichokuwa ameandika, akaomba apelekwe akalione kaburi. Tukaenda wote, majirani nyuma, ukungu unaachia taratibu, na mimi kwa kuchanganyikiwa nimefika kaburini na jogoo mkononi. Alisimama kidogo, akavua kofia. Chakula hakugusa, akaondoka na njaa yake, na kitoweo akala Mama Editha.

Mwalimu wa kweli alikuja Jumamosi. Kabla hajakaa nikamtajia vyote, watoto, shamba, kaburi. Akanywa chai, akaaga, na hajarudi. Namtakia heri. Nimeapa sitajipunguza tena mbele ya mtu ili anichukue, awe mchumba au serikali.

Ilichukua muda mrefu, ila siku nilipoapishwa Kasulu nikapewa cheti changu cha uraia, sikupitia nyumbani kwanza. Nilikwenda nyuma ya kanisa, nikainama, nikamwambia Eliya, mwanangu, mama yako haendi popote.