Robo ya Mzee Salumu

Mwahija alikuwa haoni tangu ana miaka minne. Surua ilimpitia huko kwao Kivinje, ikamwachia roho, ikaondoka na macho. Akaja kuolewa na Salumu, mchimba visima, wakahamia Lindi mjini, mtaa wa Mtanda. Wakazaa wawili, Warda na Shaaban. Alipika mwenyewe, alifua mwenyewe, na watu wakimsifu huwajibu, "Nyie mnaoona, mbona mnaunguza wali?"

Utu uzima ukiwa umeshamkaa, akapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha korosho. Kiwanda kilikuwa na vyumba viwili. Chumba kikubwa walikaa wazima, wakilipwa kwa kilo. Chumba cha uani walikaa watu wa mradi wa kufundisha walemavu kazi: asiyeona, asiyesikia, mwenye mguu mmoja, mwenye mkono uliokauka. Hao walipewa posho, elfu mbili kwa siku na kikombe cha uji. Kwenye daftari waliandikwa wanafunzi.

Kazi ya Mwahija ilikuwa kumenya. Korosho ikishabanguliwa na kukaushwa, hubaki na kingozi chekundu, chembamba. Wenzake walikikwangua kwa kisu. Yeye alitumia kidole gumba tu, na punje ikatoka nzima. Punje ikivunjika bei hushuka. Kwa siku alitoa kilo saba, zote nzima. Chumba kikubwa chote aliyefika saba alikuwa mmoja.

Miaka tisa.

Asubuhi Salumu alimpeleka, alasiri akamfuata. Njiani hawakuwa na maneno mengi.

"Leo saba."

"Haya."

Siku moja tu alizidisha. "Salumu, yule wa chumba kikubwa kwa saba hizihizi anachukua elfu sita na mia tatu."

"Nani kakwambia?"

"Macho sina. Masikio ninayo."

Salumu alisema ataenda kuuliza. Hakwenda.

Mwahija akafa Jumatatu, homa ya siku tatu. Kiwanda kilileta ubani, gunia la mchele, na msimamizi wake, Ridhiwani, akaja na kanzu nyeupe akasimama na watu. Jeneza likawekwa mbele. Kabla ya kumswalia, Shehe Yassin aliuliza kama inavyoulizwa kwa kila maiti: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani.

Watu wakamtazama mumewe.

"Mwahija hadaiwi," Salumu akasema. "Na kama alikuwa anadai, nimesamehe. Wote."

Siku ile angeulizwa kama anatoa na nyumba, angesema natoa.

Wakazika. Watu wakala, wakaondoka. Salumu akawa anaamka asubuhi na kuvaa viatu vya kumpeleka Mwahija kazini. Akishavaa hukaa kibarazani mpaka jua limfikie miguuni, kisha huvivua.

Wiki ya tatu akaja Esha. Esha ni mwanamke wa magongo, alikuwa akikaa na Mwahija benchi moja. Aliingia bila kungoja kukaribishwa.

"Shemeji, una habari ya kiwandani?"

"Sina."

"Amekuja afisa kazi. Mwanamke, ana macho makali huyo! Kafungua madaftari yote. Kasema hakuna cha wanafunzi wala posho, tulipwe kwa kilo kama wenzetu, na ya nyuma tulipwe. Kamwambia Ridhiwani, miaka tisa mwanafunzi, hata udaktari wangekuwa wameshamaliza."

"Vizuri."

"Vizuri nini? Majina yanaandikwa. La dada Mwahija limekatwa."

Salumu akanyanyua uso.

"Ridhiwani anasema mume mwenyewe kasamehe mbele ya jeneza. Anasema kasikia kwa masikio yake. Kweli au uongo?"

"Kweli. Nilisema."

"Ulisema!" Esha akapiga gongo chini. "Miaka yote kinywa chako hakitoi neno, siku kilipofunguka ndiyo ukamgawia tajiri! Mkeo kamenya mpaka kidole gumba kimekuwa kigumu kama kwato, wewe unasema nimesamehe, kama mtu aliyekanyagwa mguu."

"Nilikuwa sijui ninasema nini."

"Basi kesho kaseme hivyo hivyo. Afisa anafunga orodha kesho."

"Nilisema mbele ya maiti, Esha. Siwezi kwenda kusema sikusema."

Esha akaacha kubishana. Akaokota magongo yake. "Haya. Lakini jina la mtu litakuwa limefutwa, kama hakuwahi kukaa pale."

Baada ya swala ya alasiri Salumu alimngoja Shehe Yassin mlangoni mwa msikiti. Akamweleza kwa maneno machache. Shehe akauliza, "Ulisamehe mali ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Mke akishakufa, mali si yake tena, ni ya warithi. Ana watoto. Wewe fungu lako robo. Hiyo umesamehe, imekwenda. Robo tatu ni ya Warda na nduguye. Ya watu unaisameheje?" Kisha akasema taratibu, "Siku ile na mimi ilinipasa nikuzuie. Nilikuona ulivyo, nikanyamaza."

Asubuhi Salumu akavaa viatu. Safari hii akatoka.

Ofisini alimkuta afisa, Imani jina lake, na Ridhiwani amesimama pembeni ya meza.

"Shikamoo mzee," Ridhiwani akasema.

"Marahaba. Mrudishe Mwahija kwenye karatasi."

"Mzee, si ulisamehe? Watu wote wamesikia."

"Nilisamehe robo. Ndiyo yangu. Robo tatu ni ya watoto, na wao hawakusema kitu."

Imani akaweka kalamu chini. "Baba, kiserikali maneno ya msibani hayamfungi mtu. Unaweza kudai yote. Hiyo robo ungeezekea nyumba bati."

"Nimesikia, mwanangu. Andika robo tatu."

Ridhiwani akasogea, akapunguza sauti. "Mzee wangu, kama unatuonea haya sisi, chukua yote. Mimi sitasema kitu."

"Hukuwa peke yako pale."

Imani akaandika. Akafika mahali akasita. "Kazi ya marehemu. Hapa daftari linasema mwanafunzi."

Salumu akamgeukia Ridhiwani. "Alikuwa anafundishwa nini?"

"Kumenya."

"Na nani?"

Ridhiwani akatazama daftari kana kwamba jibu limo humo.

"Sema!" Ilikuwa sauti ya Esha, amejaa mlangoni na magongo yake. "Wale wasichana wa chumba kikubwa, wakiwa wapya kazini, waliletwa kwa nani kujifunza? Si walikalishwa mbele ya dada Mwahija? Na wakatoka hapo wakalipwa zaidi yake!"

"Ni kweli, Ridhiwani?" Imani akauliza.

"Walikalishwa kwake," Ridhiwani akasema.

Imani akafuta neno, akaandika jingine. "Mmenyaji," akasoma. Akasogeza pedi ya wino. Salumu akabonyeza dole lake, akatoka. Esha alimwita, hakugeuka.

Jioni Warda akapiga simu kutoka Nangurukuru, anakouza chakula stendi. Kelele za mabasi zilikuwa nyingi.

"Baba, Esha kanipigia. Eti tutapewa ya mama mimi na Shaaban, wewe hupewi?"

"Mimi nilishasema."

"Basi nikipata nikutumie nusu."

"Usitume. Ya mama yako hiyo."

Konda akasikika akiita abiria wa Masoko.

"Umekula, baba?"

Salumu akatazama jikoni.

"Bado."