Foleni ya wenye bunduki pale Kisian

Wakuu, habari za weekend. Hii sikusimuliwa, nilikuwa hapo hapo. Asiyeamini aulize wazee wa Kisian.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya themanini, mwaka ule mahindi yalikauka shambani.

Baba yangu mdogo, Odongo, alikuwa ametoka jela. Kosa lake ni bunduki ya kienyeji, ya kufukuza viboko shambani kwake karibu na ziwa. Kiboko hakumpata hata mmoja. Polisi walimpata yeye.

Sasa alikuwa anamchumbia Mama Apiyo, mjane muuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale stage ya matatu. Mambo yalikuwa yameiva, ila ya jela hakumwambia. Alimdanganya kwamba alikuwa kazini Mombasa. Mombasa, na Kiswahili chake hiki hiki chetu cha kuunga unga!

Chifu akaita baraza. Akasema kuna sheria inapendekezwa huko juu: kila aliyewahi kufungwa kwa bunduki aandikishwe na awe anaripoti. Bado haijapita, lakini anataka location yake, eneo analosimamia, iwe ya kwanza. Waje ofisini kwake Jumatatu.

Baraza lilikuwa na watu wachache, jua kali. Kilichofika sokoni ni kitu kimoja tu: chifu anaandikisha.

Wakuu, mnajua mwaka wa njaa chifu akiandikisha, watu wanasikia mahindi ya relief, yale ya msaada wa serikali.

Jumatatu foleni ilifika barabarani, kila mtu na gunia lake. Baba mdogo yuko nyuma kabisa, kofia imefunika macho. Yeye alikuwa barazani, alijua ni ya nini; alikuja kwa sababu aliogopa kurudishwa ndani. Na mbele kabisa ni nani? Mama Apiyo.

Chifu akamuuliza, "Mama, wewe ulifungwa na bunduki gani?"

"Ile yoyote iko, Mzee. Andika tu."

Chifu akasimama, akafoka. "Hapa hakuna mahindi! Wale walifungwa na bunduki ndio wabaki!"

Foleni ikayeyuka. Akabaki Odongo peke yake, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimecheka mpaka hapo, lakini kumwona vile roho iliniuma.

Mama Apiyo akarudi, akamtazama. "Bwana Odongo, hii ndio Mombasa?"

"Ilikuwa ya viboko tu, Mama. Niliogopa utanikataa."

Mama Apiyo akakunja gunia lake, akamgeukia chifu.

"Mzee, kama huyu atakuwa anakuja kuripoti, akuje jioni. Asubuhi atakuwa ananibebea omena."

Sheria yenyewe kwetu haikufika. Harusi ilifika.

Nilichojifunza: mwambie mchumba ukweli mapema, na uulize foleni ni ya nini kabla hujapanga. Kama na wewe umewahi kupanga foleni usiyoijua, shusha yako hapo chini tucheke pamoja.